Bei ya Tokeni kwenye Skrini na Fedha Iliyo Nyuma Yake

Mtu anaponiuliza kama tokeni fulani, yaani sarafu ya kidijitali iliyotolewa na mradi, ina thamani ya kweli, mara nyingi huwa ameshafungua simu yake na kuona tarakimu. Pochi yake ya kidijitali inamwonyesha kwamba tokeni alizogawiwa bure zimefikia dola 4,000, na kilichobaki moyoni mwake ni kujua namna ya kuzitoa. Makala hii nimeiandika kwa ajili ya watu wa namna hiyo, ambao ni wengi na wana akili zao timamu, lakini hakuna aliyewafundisha swali la kuanzia. Swali lenyewe ni hili: ni nani atakayeinunua tokeni hii kutoka kwangu, na fedha atakayonilipa iko wapi sasa hivi?

Bei inayoonekana kwenye skrini hailijibu swali hilo. Bei ni kumbukumbu ya mauzo ya mwisho, ambayo huenda yalihusu tokeni chache mno kati ya watu wawili tusiowajua, au hata mtu mmoja mwenye pochi mbili anayejiuzia mwenyewe ili soko lionekane lina shughuli. Programu ya simu huichukua bei hiyo, huizidisha kwa idadi ya tokeni ulizonazo, kisha hukuonyesha jumla. Hesabu ya kuzidisha haina kosa. Kosa liko katika kudhani kwamba tokeni zako zote zitauzwa kwa bei iliyopata ile moja ya mwisho.

Tuitazame hesabu hiyo kwa karibu, kwa sababu anayeielewa hahitaji maonyo mengi baada ya hapo. Tokeni nyingi changa huuzwa kwenye masoko yanayoendeshwa na programu yenyewe, bila dalali wala karani, ambako waanzilishi huweka mfuko wa pamoja wenye vitu viwili: tokeni zao upande mmoja na dola za kidijitali, yaani tokeni zinazokusudiwa kuwa sawa na dola ya Marekani, upande wa pili. Tuseme mfuko una tokeni 1,000,000 na dola 10,000, yaani bei ni senti moja ya dola kwa kila tokeni. Kanuni inayotumiwa na masoko mengi ya aina hii, ikiwamo Uniswap katika matoleo yake ya awali, ni kwamba ukizidisha idadi ya tokeni kwa idadi ya dola zilizomo, jibu lazima libaki lile lile kabla na baada ya kila muamala. Sasa wewe umegawiwa tokeni 10,000,000, na simu inakwambia kwamba una dola 100,000. Ukiziuza zote kwa mkupuo, mfuko utakuwa na tokeni 11,000,000, na ili kanuni itimie, dola zitakazobaki ndani yake ni 909 tu. Utaondoka na dola 9,091 kabla ya ada, na bei utakayoiacha nyuma yako itakuwa chini ya asilimia moja ya ile uliyoikuta. Akija mwingine baada yako mwenye idadi sawa na yako, ambaye asubuhi ile simu yake ilimwonyesha dola 100,000 vilevile, atapata dola 433.

Hakuna aliyeiba chochote katika mfano huu. Mfuko ulikuwa na dola 10,000 tangu mwanzo, na watu wawili walioamini kwamba wana dola 200,000 walikuwa wakigombania hizo hizo. Kwa hiyo tarakimu ya kwanza ninayoitafuta, kabla ya bei na kabla ya jina la mradi, ni ukwasi: kiasi cha fedha halisi kilichopo tayari kuipokea tokeni inapouzwa. Tarakimu hiyo huonekana wazi kwenye tovuti zinazofuatilia masoko haya, na inapokuwa ndogo kuliko thamani ya tokeni za mtu mmoja tu, jibu limeshapatikana. Kinachofuata ni kuangalia kama waanzilishi wanaweza kuuchota mfuko huo wakati wowote wapendao, maana katika miradi mingi changa wanaweza, na wengi wameshafanya hivyo.

Kuna hali mbaya zaidi ya hiyo, nayo ni tokeni ambayo programu yake inaruhusu kununua na kuzuia kuuza. Mwishoni mwa Oktoba 2021 ilitokea tokeni iliyojipachika jina la tamthilia ya Korea Kusini iliyokuwa ikitazamwa sana duniani wakati huo. Bei yake ilipanda kwa siku chache hadi zaidi ya dola 2,800, vyombo vikubwa vya habari vikaitangaza kama habari ya kupanda kwa bei, huku walioinunua wakilalamika kwamba hawawezi kuiuza. Tarehe 1 Novemba waanzilishi waliondoka na fedha zilizokuwamo, na bei ikaanguka hadi karibu na sifuri kwa dakika chache. Ukilifikiria jambo hili utaona kwamba bei ilipanda kwa sababu ile ile iliyoifanya tokeni isiwe na thamani, kwani soko lisilowaruhusu wanunuzi kuuza haliwezi kushuka hadi waanzilishi wenyewe waamue. Ndiyo maana mchoro unaopanda bila kutikisika hata kidogo hunitia wasiwasi kuliko unaoyumba.

Kutoka kwenye bei twende kwenye kile kinachoitwa thamani ya soko, ambayo ni bei ikizidishwa kwa tokeni zilizomo katika mzunguko. Hapa waandishi wa habari na wawekezaji wakubwa wamekosea mara nyingi kama tunavyokosea sisi. Mnamo Machi 2014 waanzilishi wa Auroracoin walikuwa wametenga nusu ya sarafu zote ili zigawiwe bure kwa wananchi wa Iceland, kila mmoja sarafu 31.8. Kabla ya ugawaji huo kuanza, hesabu ilijumlisha hata sarafu ambazo hazijamfikia mtu yeyote, na kwa muda Auroracoin ikaorodheshwa miongoni mwa sarafu kubwa za kidijitali duniani. Ugawaji ulipoanza tarehe 25 Machi, waliopokea walianza kuuza na bei ikaporomoka, kwa sababu bei ya awali ilikuwa imejengwa juu ya sarafu chache zilizokuwa zikibadilishana mikono.

Mfano wa karibuni ni Worldcoin, iliyozinduliwa tarehe 24 Julai 2023 kwa bei ya dola 2 hivi. Jumla ya tokeni zilizopangwa ni bilioni 10, lakini zilizoingia katika mzunguko siku hiyo hazikuzidi milioni 143, na kati ya hizo milioni 100 zilikuwa zimekopeshwa kwa makampuni yanayofanya kazi ya kuchangamsha soko. Aliyezidisha bei kwa tokeni za mzunguko alipata chini ya dola milioni 300. Aliyezidisha kwa jumla yote alipata dola bilioni 20. Tofauti hiyo kubwa ilikuwa tokeni zilizofungwa kwa ajili ya siku za usoni, zilizopangwa kufunguliwa kidogo kidogo kwa mujibu wa ratiba, na kila zinapofunguliwa lazima apatikane mnunuzi mpya mwenye fedha mpya ili bei ibaki pale ilipo. Ratiba hiyo karibu kila mradi unaojiheshimu huichapisha, na mimi huisoma kabla ya kusoma maelezo ya teknolojia. Mradi ambao waanzilishi na wawekezaji wa mwanzo wanashikilia sehemu kubwa ya tokeni, ambazo zitafunguliwa baada ya mwaka mmoja, unakwambia mapema ni lini wauzaji wengi watafika sokoni.

Pengine ushahidi mzito kuliko wote ni ule wa FTX, kampuni iliyoendesha soko kubwa la sarafu za kidijitali. Tarehe 2 Novemba 2022 CoinDesk, tovuti ya habari za sarafu za kidijitali, ilichapisha taarifa kuhusu mizania ya Alameda Research, kampuni dada ya FTX, iliyodai kuwa na mali ya dola bilioni 14.6. Zaidi ya dola bilioni 5 kati ya hizo zilihesabiwa kwa FTT, tokeni iliyotengenezwa na FTX yenyewe. Kiasi hicho kilizidi thamani ya FTT zote zilizokuwa katika mzunguko sokoni kwa bei ya siku hiyo. Hakukuwa na wanunuzi duniani ambao wangeweza kulipa kiasi kile kwa tokeni ile, kwa hiyo mabilioni hayo yalikuwa maandishi tu kwenye karatasi. Tarehe 11 Novemba FTX iliomba ulinzi wa mufilisi mahakamani nchini Marekani. Si wote wenye fedha zao mle waliokuwa wamecheza kamari na tokeni. Wengi walikuwa wameweka akiba katika soko lililoonekana imara, na hilo ndilo linaloniuma ninapoikumbuka habari hii.

Baada ya kujua kama fedha ipo, ndipo inapofaa kuuliza inatoka wapi. Tokeni inaweza kuhitajiwa kwa kazi. Anayetaka kutuma muamala kwenye Ethereum lazima alipe ada kwa etha, na tangu Agosti 2021 sehemu ya ada hiyo huteketezwa, hivyo matumizi ya mtandao yana uhusiano unaoweza kupimwa na sarafu yake. Uhusiano huo hautoi hakika ya bei, lakini unakupa kitu cha kufuatilia: ada zilizolipwa leo na watu waliohitaji huduma. Tofauti na hapo, UNI, tokeni ya Uniswap, ilipotolewa mwaka 2020, Uniswap ilikuwa soko lenye shughuli nyingi na ada nyingi, ila kwa miaka kadhaa iliyofuata ada hizo zilikwenda kwa walioweka fedha kwenye mifuko, na mwenye UNI alibaki na haki ya kupiga kura. Huduma inaweza kuwa nzuri na tokeni yake isimletee mwenye nayo chochote. Watu wengi huunganisha mambo haya mawili, wakidhani kwamba ubora wa programu unahamia wenyewe kwenye tokeni, na wanaouza tokeni hawana sababu ya kuwasahihisha.

Ahadi za faida nazo zipimwe kwa swali lile lile la nani analipa. Anchor, huduma iliyokuwa juu ya mtandao wa Terra, iliwalipa walioweka dola zake za kidijitali za UST karibu asilimia 20 kwa mwaka. Riba waliyolipa wakopaji haikutosha kugharamia hilo, na upungufu ulijazwa kutoka kwenye akiba iliyokuwa ikiisha. Mei 2022 UST ilipopoteza usawa wake na dola ya Marekani, mfumo ulichapisha tokeni za LUNA, sarafu nyingine ya mtandao wa Terra, ili kuinusuru, na idadi ya LUNA ikapanda kutoka takribani milioni 350 hadi trilioni 6.5 kwa siku chache. Tokeni iliyouzwa kwa zaidi ya dola 80 mwanzoni mwa mwezi ikawa haifiki hata senti. Faida inayolipwa kwa tokeni mpya zilizochapishwa ni kupunguza kipande cha kila mmoja na kukurudishia sehemu yake kwa jina la riba.

Sasa nije kwenye ugawaji wa bure, ambao wengi tunauita eadropu. Ni kweli kwamba kuna watu waliofaidika, na anayesema kwamba zote ni utapeli hasemi kweli. Septemba 2020 Uniswap iligawa UNI 400 kwa kila anwani iliyowahi kutumia soko lake kabla ya tarehe 1 ya mwezi huo. Kwa bei ya dola 3 hivi ya siku za mwanzo, hizo zilikuwa dola 1,200, na aliyezishika hadi Mei 2021 aliona bei ikivuka dola 40. Jambo ambalo husahaulika katika kusimulia habari hii ni kwamba waliopokea walikuwa wametumia huduma kwa sababu waliihitaji, na hakuna aliyewaahidi zawadi. Mara habari ilipoenea, zawadi ikageuka kuwa chambo. Miradi iliyofuata ilianza kutangaza mapema kwamba tokeni inakuja, ikaweka pointi, kazi za kila siku, viungo vya kualika marafiki na majedwali ya washindani, na watu wakaanza kufanya miamala wasiyoihitaji ili wahesabiwe kuwa watumiaji.

Mradi unaogawa tokeni namna hiyo unanunua kitu, hata kama hautaji bei. Unanunua idadi ya watumiaji ya kuwaonyesha wawekezaji, muda wako wa kubofya, mtandao wako wa marafiki, na umati wa watu walioshika tokeni siku ya kwanza ambao watakuwa na sababu ya kuisifia. Hakuna ubaya katika kununua vitu hivyo, mradi anayeviuza ajue anachouza na kwa kiasi gani. Chukua mchezo wa Hamster Kombat uliosambaa kupitia Telegram mwaka 2024. Tokeni zake ni bilioni 100, asilimia 60 zikiwa za wachezaji, na zilipoingia sokoni tarehe 26 Septemba 2024 bei yake ilikuwa karibu na senti moja ya dola. Kwa bei hiyo tokeni zote zilikuwa na thamani ya takribani dola bilioni moja, ambayo ni nyingi kwa mchezo wa kugusa skrini, na fungu la wachezaji lilikuwa kama dola milioni 600. Waliostahili kugawiwa walizidi milioni 100. Gawanya, utaona kwamba wastani haukuweza kufika dola 6 kwa mtu, hata kama kila mmoja angeuza kwa bei ya kwanza, jambo ambalo hesabu ya mfuko tuliyoifanya hapo juu imeshatuonyesha kwamba haliwezekani.

Hesabu hiyo ingeweza kufanywa miezi mingi kabla. Idadi ya wachezaji ilikuwa ikitangazwa kwa fahari, na kila mchezaji mpya aliyealikwa alikuwa akikipunguza kipande cha yule aliyemwalika. Vijana wengi walikesha wakigusa skrini kwa matumaini ya kulipa ada ya shule au kuanzisha biashara, na hakuna hata mmoja wa watangazaji waliowahimiza aliyewapa mgawanyo huu wa mistari miwili. Kwa hiyo ukialikwa kwenye eadropu yoyote, kadiria thamani kubwa kabisa ambayo mradi wa aina hiyo unaweza kuwa nayo sokoni, chukua asilimia iliyotengwa kwa washiriki, ugawanye kwa idadi yao, kisha ulinganishe na saa zako, vifurushi vya data na ada za mtandao utakazolipa. Mara nyingi utaacha hapo hapo.

Wakati mwingine malipo yanayodaiwa ni makubwa kuliko muda. Worldcoin niliyoitaja iligawa tokeni kwa watu waliokubali kupigwa picha ya mboni za macho, na tarehe 2 Agosti 2023 serikali ya Kenya ilisimamisha usajili huo kwa sababu ya wasiwasi kuhusu usalama wa taarifa hizo. Tokeni inaweza kuuzwa na nywila inaweza kubadilishwa, jicho halibadilishwi. Miradi midogo inayoomba picha ya kitambulisho chako kabla haijawa hata na ofisi inakuomba kitu cha aina hiyo hiyo, na inafaa ujiulize kitambulisho hicho kitahifadhiwa na nani mradi ukifa, kama inavyokufa mingi.

Halafu kuna eadropu ambazo hukuziomba. Unafungua pochi na kukuta tokeni ngeni, jina lake likiwa ni anwani ya tovuti pamoja na maneno yanayokutaka uende kudai zawadi, na kando yake tarakimu ya maelfu ya dola. Yeyote anaweza kukutumia tokeni kwa sababu anwani yako iko wazi kwenye blokucheni, yaani daftari la pamoja la miamala yote, na kuipokea peke yake hakukudhuru. Hatari huanza unapoifuata. Tovuti itakuomba uunganishe pochi, kisha utatokea ujumbe wa kusaini ambao wengi huuona kama hatua ya kawaida ya kuingia. Ukiusoma kwa makini utakuta unatoa kibali kwa anwani usiyoijua kutumia dola zako za kidijitali, mara nyingi bila kikomo cha kiasi. Kibali hicho hakihamishi kitu wakati ule, ndiyo maana mtu hufunga tovuti akiamini hakuna kilichotokea, na fedha huondoka saa au siku kadhaa baadaye. Anayekuomba maneno yako ya siri 12 au 24 huyo hana hata haja ya kibali, kwa kuwa mwenye maneno hayo ndiye mwenye pochi. Hakuna ugawaji halali unaoyahitaji, kwa sababu tokeni hutumwa kwa anwani ya wazi.

Mimi hutumia pochi ya pembeni, isiyo na akiba, kwa kila jambo linalohusu kudai tokeni, na ada ninayoiweka humo ni ile niliyo tayari kuipoteza. Anwani ya mkataba wa tokeni, yaani programu inayoiendesha, huichukua kwenye tovuti rasmi ya mradi niliyoifikia kwa njia mbili tofauti, kamwe siichukui kwenye ujumbe niliotumiwa wala kwenye tangazo linalotokea juu ya matokeo ya utafutaji, kisha naifungua kwenye Etherscan, tovuti inayoonyesha miamala ya Ethereum, au nyingine ya wazi ya aina hiyo ili kuona wanaoishikilia kwa wingi. Pochi tano zikiwa na asilimia 90 ya tokeni zote, na hakuna hata moja iliyofungwa kwa ratiba, huwa siendelei kusoma. Vibali vya zamani hufutwa kupitia tovuti hizo hizo, kwa ada ndogo, na ni kazi inayofaa kufanywa mara kwa mara hata na mtu ambaye hajawahi kutapeliwa.

Limebaki suala la kodi, ambalo wagawaji hawalitaji. Nchini Marekani tokeni zilizogawiwa huhesabiwa kuwa kipato kwa bei ya soko ya wakati unapozipata na kuweza kuzitumia, na nchini Uingereza hutegemea kama ulifanya kitu ili uzipate. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kupokea tokeni za dola 3,000 asubuhi, akazishika kwa matumaini ya kupanda, zikashuka hadi dola 200 kufikia mwisho wa mwaka, na bado akadaiwa kodi ya kipato cha dola 3,000. Kwa hiyo siku ya kupokea andika tarehe, idadi, bei, na kiasi ambacho soko lingekupa kweli kama ungeuza zote saa ile, na kama sheria ya nchi yako inafanana na hizo, uza angalau sehemu itakayotosha kulipa kodi kabla hujaamua lolote kuhusu sehemu iliyobaki.